Giza la Saa Saba Mchana

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya ukalimani mahakamani. Nadhani mlitaka visa vya kuchekesha, na vipo, vichache nitavisimulia. Lakini mkiona narudi kila mara kwenye hofu, msishangae. Nilianza kazi bendera yetu ikiwa bado haijapauka kwa jua, nikamaliza mwaka jana mliponiaga kwa soda na keki iliyoandikwa jina langu vibaya, na katika muda wote huo sikumbuki asubuhi niliyovuka kizingiti cha mahakama bila kuogopa. Watu walidhani mimi ni mpole. Nilikuwa mwoga tu.

Na nilichokiogopa kuliko mahakimu wote ni neno moja la Kiingereza. Mtoto wa darasa la tano analijua: dark. Mwalimu wetu aliliandika ubaoni, akaandika na giza pembeni yake, tukanakili, tukafunga madaftari. Nilikwenda kuajiriwa nikiwa na giza hilo moja tu mfukoni.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Songoro, mtu wa mjini Tabora kwa vizazi vitatu, mwembamba, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata chini ya koti. Alikuwa amewatafsiria Waingereza kabla ya uhuru na hakuwa na haja ya kumwogopa yeyote, au ndivyo nilivyodhani. Alinikalisha kwenye benchi lake na kunipa sheria ya kwanza: mtu akisema nimeua, nawe sema nimeua, usiseme anasema ameua. Wiki hiyohiyo nilisimama mbele ya watu sitini nikatamka kwa Kiingereza safi kwamba nilivunja mlango nikachukua mbuzi wanne. Askari wa mlangoni, ambaye naye alikuwa mgeni kazini, akanisogelea. Ilibidi Mzee Songoro amwashirie arudi mahali pake.

Neno langu lilinipata mwezi wa pili. Mfugaji mmoja mzee kutoka Ziba alishtakiwa kuhusu ng'ombe, na hakimu, mgeni aliyeletwa kujaza pengo kabla vijana wetu hawajamaliza masomo, alikasirika kwa sababu mzee alikuwa na shahidi na hakumtaja. Alisema jambo, ndani yake kukiwa na dark. Nikatafsiri bila kusita: "Umeniweka gizani."

Mzee akashika kizimba kwa mikono miwili. "Mimi? Sijamfungia mheshimiwa mahali popote. Kwangu hajafika hata siku moja. Waulize majirani."

Watu walicheka mpaka hakimu akagonga meza. Mzee Songoro aliinuka, akasema kwa utulivu, "Umenificha habari," na kesi ikaendelea. Mimi nilikaa chini. Baadaye ilikuja kesi ya robota la vitambaa, nikaita kitambaa cha buluu iliyokoza kuwa ni cha rangi ya giza, na mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa Tabora na anayejua Kiswahili kunishinda, akanirekebisha kutoka kizimbani: "Bwana karani, sema buluu iliyoiva. Giza siuzi dukani kwangu." Ilikuja pia kesi ya wizi wa baada ya dark, nikasema baada ya jua kuchwa, na mwenzangu aliyekuwa akiandika akaandika kucha. Kwa kukosa herufi moja, mwizi wa magharibi akawa mwizi wa alfajiri, naye alikuwa na mashahidi kwamba alfajiri hiyo alikuwa msikitini.

Jioni ya kesi hiyo ya mwizi Mzee Songoro aliniambia nisilijibu tena neno hilo kwa haraka. "Kila ukilisikia jiulize kwanza, giza la wapi," alisema. "Waingereza wameliweka kila mahali. Uso ulionuna, siri, msiba, ujinga, rangi ya mtu. Nyumba hiyohiyo wanaishi wote." Nilianza kuandika maana zake nyuma ya daftari langu la kazi. Zilipofika kumi na moja nikaacha kuhesabu, maana kila niliyoongeza ilinipunguzia usingizi.

Nawaambia hayo ili muone kwamba nilionywa. Yaliyofuata siwezi kuyaita ajali.

Yalitokea miaka ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Upande wa Nzega kulikuwa na kijiji kipya, watu wamekusanywa kutoka huku na huku, wengi hawajajuana, na nje yake bado yalisimama matembe ya zamani ambayo wenyewe hawakutaka kuyaacha. Tembe, kwa asiyelijua, ni nyumba pana ya udongo yenye paa la bapa na uwanja katikati, kuta nene na madirisha hakuna. Ukiingia saa saba mchana unapapasa. Siku moja, saa hiyohiyo, mwenyekiti wa kijiji alikwenda kwenye tembe mojawapo kuwahimiza watu wahame. Alikutwa mlangoni amepigwa mchi kichwani, na aliyekutwa amempakata, shati limelowa damu, alikuwa kijana aitwaye Maganga. Maganga alisema alimkuta ameanguka akamwinua. Tatizo lake ni kwamba juma lililopita alikuwa amegombana na mwenyekiti mbele ya mkutano mzima.

Shahidi alikuwa mmoja tu, mama mjane aitwaye Nyamizi, aliyekuwa akipepeta mtama nje ya tembe hilo. Aliletwa mbele ya hakimu kwenye uchunguzi wa awali, ule wa kuamua kama kesi iende kwa jaji. Alizungumza Kinyamwezi, lugha ya mama yangu, nami nikampa hakimu kwa Kiingereza. Uso wa muuaji hakuuona, alisema, kwa kuwa alikuwa amempa ubavu, na mara akapotelea ndani, naye mama akakimbia kuita watu. Kisha akasema maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Nilimwona, mweusi, amesimama mlangoni, ana mchi mkononi."

Mweusi. Kulikuwa na neno la Kiingereza la wazi la rangi hiyo, lakini zama zile, ukoloni bado haujasahaulika, kumwita mtu hivyo mbele ya hakimu mgeni nililiona kama tusi. Nikachagua la upole. Nikasema dark, palepale mama alipoliweka, katikati ya sentensi, bila kuongeza kitu. Hakimu alikuwa akiandika kwa mkono, anapanga maneno yakae vizuri. Alipomaliza alinipa karatasi nimsomee shahidi kabla hajaweka dole gumba. Hakimu alikuwa ameandika kwamba alimwona mtu amesimama mlangoni, in the dark.

Nilisita. Nataka mnisikie hapa. Nilisita, nikajua kuna kitu kimehama. Lakini ilikuwa Ijumaa, adhana imekwisha kusikika, hakimu amefunga kalamu yake na anachukia kukatizwa kuliko anavyochukia uongo. Nikasoma kwa Kinyamwezi: "Nilimwona amesimama gizani mlangoni."

"Eee, mwanangu," Nyamizi akajibu. "Palikuwa na giza. Tembe ndivyo lilivyo."

Akaweka dole. Nikaenda kuswali, na katika rakaa zote sikumbuki nilichosoma.

Mngekuwa mmemwona Maganga mngeelewa. Alikuwa maji ya kunde, mweupe kuliko watu wote waliokuwa mahakamani siku ile ukimtoa hakimu. Mama yule alikuwa ameona kitu kimoja tu cha muuaji, na kitu hicho kilimtoa Maganga nje ya kesi. Mimi nilikuwa nimekifuta.

Nilijidanganya kwa miezi minane. Nilijiambia kwamba mbele ya jaji Nyamizi atasema tena, kwa kinywa chake, nami nitasema sawasawa, na hakuna atakayejua. Hata nilipokwenda gerezani kumtafsiria wakili aliyepewa Maganga na serikali, robo saa tu, nilikaa hapo nikijipa moyo kwa Nyamizi. Maganga alijibu maswali kwa neno mojamoja. Wakili akafunga faili lake, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mteja wake ni mgumu.

Jaji alipokuja, wakili wa serikali alisimama asubuhi ya kwanza akaarifu kwamba shahidi Nyamizi alifariki dunia wakati wa masika. Kwa hiyo yatasomwa maelezo yake yaliyoandikwa. Sheria inaruhusu. Karani alisoma kwa Kiingereza, nami nikawa natafsiri kwa ajili ya mshtakiwa na wale wazee watatu washauri wanaokaa na jaji kwenye kesi za mauaji. Tulipofika kwenye sentensi ile, duniani kote alikuwa amebaki mtu mmoja anayejua alichosema Nyamizi, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nikasoma gizani. Mara ya pili, mchana kweupe, nikijua. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Alasiri nilikwenda Isevya kwa Mzee Songoro, aliyekuwa amestaafu. Nilimkuta barazani anamenya karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na sura ya mgonjwa."

Nilimweleza yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama kuna mwingine anayejua. Nikamwambia hakuna.

"Ukisimama kesho watakuuliza kwa nini wakuamini leo na si siku ile," alisema. "Utajibu nini?"

"Sijui."

"Na aliyekufa ni mwenyekiti wa kijiji. Umelifikiria hilo? Watasema umenunuliwa na wasiotaka ujamaa. Una watoto wanne, Shabani."

"Watano, mzee."

"Watano." Aliendelea kumenya, lakini maganda yalikuwa yakiangukia kwenye karanga zilizomenywa na hakuyaona. "Mimi nilinyamaza mara moja," alisema. "Zamani, kwa Waingereza. Usiniulize kesi ya nani."

Sikuuliza. Nilimwangalia mtu niliyedhani haogopi chochote, nikaona kwamba hofu yake ilinizidi umri. Aliniuliza kama nitakunywa kahawa. Nilisema nina haraka.

Kesho yake, jaji alipokaa, nilisimama kabla kesi haijaitwa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya Kiingereza na yote yakaniruka. Nikasema kwamba tafsiri ya maelezo ya Nyamizi ina kosa na kosa ni langu. Jaji alivua miwani. Wakili wa serikali aligeuka akanitazama kama mtu aliyeumwa na kiti alichokalia.

Niliondolewa mahali pangu, akatafutwa mkalimani mwingine kutoka ofisi ya wilaya, nikaapishwa, nikapanda kizimba cha mashahidi. Miaka yote nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo na sikujua kwamba mbao zake zinanesa. Jaji akauliza swali la Mzee Songoro, karibu neno kwa neno: kwa nini mahakama ikuamini leo? Nikajibu kwamba siku ile nilikuwa na haraka ya kwenda zangu, na leo sina pa kwenda. Mkalimani mpya aliwatafsiria wazee na mshtakiwa vizuri. Wakili wa serikali akaniuliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Akauliza tena kwa sauti ya juu, akitaja kijiji na maendeleo ya wananchi, nami nikaona watu wawili waliokaa nyuma wakiandika.

Kisha mmoja wa wazee washauri, fundi seremala mwenye ndevu nyeupe, akaomba kuuliza.

"Ulimsomea bibi yale maelezo?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukamsomea gizani."

"Ndiyo."

"Naye akakubali. Kwa nini akubali kitu ambacho hakukisema?"

"Kwa sababu na giza lilikuwepo, mzee."

Alitikisa kichwa polepole, sikujua kwa kunielewa au kwa kunisikitikia.

Hapo wakili wa serikali alipata nguvu. Hata kama mama alisema mweusi, alisema, kwenye giza kila mtu ni mweusi. Nilijua amenishika. Jaji, ambaye hajawahi kuingia ndani ya tembe maishani mwake, hakuelewa giza linatoka wapi saa saba mchana na jua liko utosini. Aliuliza mara mbili. Tembe lenyewe lilikuwa limekwisha kubomolewa, kwa hiyo akaamua twende Kwihara, ambako tembe la siku za misafara limehifadhiwa, akaone giza hilo ni la namna gani. Wakili wa serikali alipinga. Jaji akasema ataandika pingamizi lake, na gari liletwe.

Tulikwenda wote, wazee washauri wakiwa mbele na mimi nyuma pamoja na mshtakiwa na pingu zake. Saa saba ileile jaji alisimama juani, mahali ambapo mpimaji wa serikali, aliyekuwa amechora ramani ya mahali pa mauaji, alionyesha kuwa ni sawa na pale alipopepetea Nyamizi. Akaamuru Maganga afunguliwe pingu, asimame ndani ya mlango, ubavu, mkono umeinuliwa. Kisha atoke, na askari aingie, kijana mweusi wa kutoka pwani ya ziwa, asimame vilevile. Halafu tena Maganga. Nyuma yao palikuwa peusi tititi, huoni ukuta wala nguzo. Nilijua kwamba macho ya jaji yakishindwa, mtu yule atanyongwa kwa sentensi yangu, nami nitaitwa mwongo na kufungwa, na watoto wangu watakula nini. Nawaambia ukweli, nilifikiria watoto wangu kwanza, Maganga baadaye.

Jaji aliwaita wazee mmoja mmoja wasimame mahali pake. Wa mwisho alikuwa yule seremala. Aliangalia kwa muda mrefu, kivuli cha mkono kikiwa machoni.

"Ndani kuna giza," alisema. "Lakini pale kizingitini jua linamfikia mtu mkononi na shingoni. Huyu ni maji ya kunde, yule ni mweusi. Uso sioni. Rangi naiona."

Jaji aliandika. Tulirudi mjini, na mimi sikulala siku mbili mpaka hukumu iliposomwa. Wazee wote watatu walisema mshtakiwa hana hatia, na jaji akakubaliana nao. Aliyeua hajapatikana mpaka leo. Mimi niliandikiwa barua kali, nikapelekwa kupanga majalada kwa mwaka na nusu, na wale watu wawili waliokuwa wakiandika nyuma walifika nyumbani kwangu mara tatu kuniuliza maswali yaleyale. Mke wangu kila aliposikia hodi aliangusha kitu.

Siku ya hukumu nilimfuata Maganga nje. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anafunga kamba za viatu alivyorudishiwa na askari. Nilimsalimia kwa Kinyamwezi, nikachuchumaa mbele yake.

"Naomba unisamehe," nikamwambia. "Siku ile bibi alisema mweusi. Nikakosea."

"Najua alisema mweusi," akajibu. "Nilikuwepo. Nilimsikia kwa lugha yetu, halafu nikakusikia wewe unasoma gizani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona umesita, kisha ukasoma. Sikujua kama ni kosa. Nilidhani mmekwisha kukubaliana nife."

"Si ungemwambia wakili wako? Alikuja gerezani kwa ajili hiyo."

Alimaliza kiatu cha kwanza, akavuta cha pili. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Wakili alikuja na wewe," alisema. "Ningemwambia kwa mdomo wa nani?"

Akainuka, akakung'uta suruali, akaniuliza basi la Nzega linasimama wapi. Nilimwelekeza taratibu, barabara kwa barabara, nikimtajia na duka la kona. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akavuka barabara, na upande wa pili nikamwona anamsimamisha mtu mwingine na kumuuliza.